Saluti kwa Brigedia Kebo

Katika nchi hiyo tunayoisimulia, ambayo haimo kwenye ramani yoyote na kwa hiyo hakuna ubalozi utakaotuandikia barua kali, wananchi walikuwa na haki moja kubwa ambayo majirani zao wote waliikosa. Ilikuwa haki ya kulalamika kwa kanda. Mtu aliyeonewa hakuhangaika kuandika. Alikwenda ofisi ya wilaya, akaingizwa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, akawekewa kipaza sauti mdomoni, akasema yaliyomsibu. Kanda ilifungwa kwa lakiri na kupelekwa mji mkuu, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Mkuu wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Sikio la Taifa, aliketi sebuleni kwake kusikiliza. Na alisikiliza kweli. Hilo tusimnyime.

Shida ilikuwa kwamba malalamiko yalimuumiza kichwa.

"Hawa watu wangu," alimwambia Katibu wake wa Usikivu, Bwana Kalistus Mbeyu, "mbona wana sauti za kukwaruza namna hii? Mtu anasema hana maji, basi utadhani anaparura sufuria."

Bwana Mbeyu hakuwahi kumpa bosi wake habari mbaya tangu aajiriwe, na hakutaka kuanza siku hiyo. Aliagiza Mtaalamu kutoka ng'ambo. Mtaalamu alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa sebuleni siku tatu amefumba macho, akisikiliza lalamiko la mkulima mmoja aliyenyang'anywa shamba. Siku ya nne akafumbua macho na kutangaza kwamba tatizo si serikali, wala si shamba. Tatizo ni waya.

Basi zikaja nyaya. Za spika zilikuwa za fedha tupu, nene kama kifundo cha mkono, zimevishwa ngozi ya chatu na kuchorwa mishale ya kuonyesha sauti ipite upande gani isije ikapotea njia. Hazikuruhusiwa kugusa sakafu, kwa kuwa sakafu hukanyagwa na watu. Zililazwa juu ya vigoda vidogo vya mahameli, kila kigoda na mhudumu wake. Lalamiko la mkulima lilipochezwa upya, wote sebuleni wakaguna kwa raha.

"Sikilizeni hapo anaposema 'watoto wangu'," Sikio la Taifa akasema, machozi yakimlengalenga. "Mmesikia lile zito la chini? Rudisha. Rudisha tena."

Ikarudishwa mara saba. Shamba lenyewe halikurudishwa, kwa kuwa kikao hakikuwa cha mashamba.

Kabla ya kuondoka, Mtaalamu alitoa ushauri wa mwisho. Kulikuwa bado na ukali kidogo kwenye sauti za wanawake, akasema, na huo ulitokana na umeme wenyewe. Umeme uliopita viwandani na kwenye mashine za kusaga unga huja umechafuka kwa fujo. Sebule ilihitaji kebo yake, tena siyo mpya. Kebo mpya ni mbichi. Ilitakiwa kebo iliyokomaa, iliyofanya kazi miaka kumi na zaidi mahali patulivu bila kukatika hata siku moja.

Kamati ikazunguka nchi nzima kuitafuta. Na hapo ndipo ilipofika Ndorobe.

Bi Anzelma alikuwa fundi umeme wa Hospitali ya Wilaya ya Ndorobe, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, mkali wa maneno, mwenye testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, aliyoichomeka kwenye nywele tangu asubuhi hadi anapokwenda kuoga. Kebo ya wodi ya watoto njiti aliifukia yeye mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Ncha zake mbili alizipaka rangi nyekundu ya kucha, aliyoiomba kwa binti yake Veridiana, ili mtu yeyote asiichanganye na kebo ya jikoni. Tangu siku hiyo wodi ile haikuzimika hata dakika moja. Nchi nzima ilizimika, mji mkuu ulizimika, bungeni walipitisha bajeti kwa mishumaa. Njiti wa Ndorobe waliendelea kupata joto ndani ya masanduku yao ya vioo, kila mmoja na taa yake ndogo ya kijani.

Na mwaka huu Veridiana mwenyewe alikuwa amejifungua kwa miezi saba. Mwanawe, ambaye kiganja chake kilikuwa sawa na ukucha wa bibi yake, alilala sanduku namba tano.

Wajumbe saba, Bwana Mbeyu akiwaongoza, walishuka kwenye magari wakiwa wamevaa glavu nyeupe. Mmoja akaweka kipimo cha daktari ukutani, mahali kebo ilipoingilia, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hii ina adabu," akanong'ona. "Umeme wake unatembea kwa kunyata."

Wakampigia Bi Anzelma makofi. Wakampa cheti cha Utunzaji Bora. Kisha wakaanza kuchimba.

"Subirini kwanza," akasema Bi Anzelma. "Na watoto je?"

"Watoto gani, mama?" Bwana Mbeyu akauliza.

"Hawa! Saba hawa! Joto lao linatoka kwenye huo waya mnaouchimba."

Bwana Mbeyu akachungulia dirishani, akatabasamu kwa upole, maana alikuwa na watoto pia, wote wamezaliwa ng'ambo. "Hongereni sana," akasema. "Kumbe ni hawa walioulea. Taifa halitawasahau."

Saa sita mchana taa saba za kijani zikazimika.

Msomaji atauliza kwa nini isifungwe kebo nyingine. Hata Bi Anzelma aliuliza. Stoo ya wilaya ilikuwa na rola tatu mpya kabisa, zinaonekana kupitia nondo za mlango. Lakini kebo zile zilikuwa mbichi, na Waraka mpya wa Usikivu ulipiga marufuku kutumia kebo mbichi kwenye jengo la umma kabla haijakomaa.

"Na inakomaaje?" Bi Anzelma alimuuliza mtunza stoo.

"Kwa kutumika, mama."

"Basi nipe niitumie, ikomae."

"Haiwezi kutumika, mama. Ni mbichi."

Akamtazama yule bwana usoni akitafuta dalili ya aibu. Hakuiona. Kulikuwa na kufuli, lakiri, na askari mwenye bunduki aliyepewa jukumu la kulinda ubichi.

Bi Anzelma akavuta waya kutoka jengo la wagonjwa wa nje; fyuzi zikalipuka. Akajaribu kutoka jikoni. Zikalipuka tena, na wagonjwa wakala uji wa baridi. Mama saba wakavua blauzi na kufunga watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, wakajifunika mablanketi, wakakaa hivyo mchana na usiku kwa zamu na dada zao. Manesi wakazungusha chupa za maji ya moto. Wilaya ya Ndorobe ni ya milimani, na ulikuwa mwezi wa Julai.

Siku ya tatu Bi Anzelma akaenda kwenye chumba cha magodoro kutumia haki yake. Alizungumza dakika sita. Alisema kebo ilikuwa ya nani, watoto ni wangapi, baridi ni kiasi gani, na kwamba haombi waya wa fedha wala wa dhahabu, anaomba waya wowote unaopitisha umeme.

Jibu lilikuja upesi ajabu, kwenye karatasi nene yenye nembo.

"Lalamiko lako limepokewa kwa furaha kubwa," iliandikwa. "Limechezwa mara nne. Mheshimiwa amevutiwa hasa na ukavu wa sauti yako kwenye neno 'baridi'. Unaombwa kurekodi tena, ukisogea karibu na kipaza sauti, na kikohozi cha dakika ya pili kiondolewe. Ahsante kwa ushirikiano."

Aliisoma barua ile amesimama kwenye korido ya wodi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Akiwa bado ameishika alimsikia Zamda, mama wa mtoto wa sanduku namba mbili, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nesi, njoo umwangalie. Amenyamaza." Nesi akaja. Akamfunua yule mtoto kifuani kwa mama yake, akamgusa, akamfunika tena polepole. Alikuwa msichana. Alikuwa hajapewa jina, kwa sababu baba yake alikuwa safarini na walimsubiri.

Hapa msimulizi wenu angependa kuendelea na mzaha, kwa kuwa hadithi za aina hii huhitaji mzaha. Anaomba asamehewe kwa mistari michache. Mtoto yule aliuawa. Hakufa kwa baridi, maana baridi ya Ndorobe ipo tangu enzi na enzi na njiti wa Ndorobe waliishi. Aliuawa na watu wenye glavu safi, waliompigia makofi fundi wake, wakapanda magari wakaenda kula.

Bi Anzelma alirudi chumba cha magodoro siku hiyo hiyo. Alizungumza dakika kumi na moja. Alitaja uzito wa mtoto, gramu elfu moja mia moja na themanini. Alitaja saa. Alimtaja Zamda na blanketi lake la kijivu. Kisha akasema, "Umemuua, Mheshimiwa. Wewe na waya wako." Nyuma ya kioo, karani wa kurekodi akamwinulia kidole gumba kumjulisha kwamba limetoka vizuri.

Ijumaa ya wiki iliyofuata gari lilikuja kumchukua.

"Umeitwa sebuleni," Bwana Mbeyu akamweleza wakiwa njiani. "Ni heshima kubwa. Lalamiko lako litachezwa mbele ya mabalozi na wewe mwenyewe ukiwepo. Jambo hili halijawahi kutokea."

"Nitaruhusiwa kusema naye?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Umeshasema."

Langoni walikuta walinzi ishirini wamesimama wima. Kapteni wa zamu akampa glavu nyeupe na kumsomea utaratibu. Kebo iliyotoka Ndorobe, akasema, ilipokuwa inasafirishwa ilicheleweshwa kwenye kizuizi na askari mmoja mjinga aliyetaka kujua inakwenda wapi. Ili lisijirudie, ilipewa cheo cha Brigedia. Sasa kila askari wa chini ya cheo hicho anapaswa kumpigia saluti Brigedia Kebo na kubaki amesimama mpaka atakapopita. Anayemgusa lazima avae glavu nyeupe. Na mdogo kijeshi hamuulizi brigedia anakokwenda.

"Hata akitoka nje?" akauliza Bi Anzelma.

"Brigedia akitoka, anatoka," Kapteni akajibu. "Mimi ni nani?"

Sebule ilikuwa ndefu kuliko wodi. Kutoka kwenye soketi ya ukutani hadi kwenye mitambo, mita ishirini na tano, Brigedia alilala juu ya vigoda vyake vya mahameli, amevishwa soksi ya hariri ya dhahabu yenye nyota tatu begani, kama tukubali kwamba kebo ina bega. Karibu na soketi hariri ilikuwa imejikunja kidogo. Bi Anzelma akainama kana kwamba anasalimu kwa heshima. Aliiona rangi ya kucha ya Veridiana.

Sikio la Taifa alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa huruma. Alimshika Bi Anzelma mikono yote miwili. "Mama," akasema, "umenifanya nilie. Mara tatu. Kaa hapa karibu nami."

"Mheshimiwa, watoto sita bado..."

"Shh." Akainua kidole, macho yake yakiwa yameelekea kwenye spika. "Ninakusikiliza."

"Mimi niko hapa, Mheshimiwa! Wako sita, na usiku wa jana..."

"Mama, tafadhali," Bwana Mbeyu akamfokea kwa kunong'ona. "Unajikatiza mwenyewe!" Kisha akatangaza kwa sauti kuu, "Macho yafumbwe! Na asifumbue mtu kabla Sikio halijafumbua!"

Mabalozi wakafumba macho. Mawaziri wakafumba, na wahudumu wa vigoda nao wakafumba. Sauti ya Bi Anzelma ikaijaza sebule, nene, laini, tamu kama ya mtangazaji wa vipindi vya mapenzi, ikisema gramu elfu moja mia moja na themanini. Mwenyewe alikaa akaisikiliza. Hakuna sauti iliyowahi kuondolewa uchungu wake kwa ufundi mkubwa kama ule. Blanketi la kijivu la Zamda lilisikika kama kitu cha kununua dukani. Waziri mmoja alitikisa kichwa kwa kuufuata mdundo. Na ilipofika "umemuua, Mheshimiwa", Bi Anzelma akageuka kumtazama aliyeambiwa, ili walau aone uso wake.

Sikio la Taifa lilikuwa limelala usingizi. Lilikoroma taratibu, mdomo wazi, kama lilivyofanya kila Ijumaa baada ya kushiba.

Bi Anzelma akanyanyuka. Hasira ilimshika, lakini mikono yake ilikuwa ya kazi. Akaenda ukutani, akazima swichi. Sauti yake ikakatika katikati ya neno. Akachomoa testa kwenye nywele, akafungua skrubu za upande huu, akapita kwenye vigoda akikunja kebo mkononi kama mtu anayekunja kamba ya kuteka maji, mpaka kwenye mitambo, akafungua skrubu za upande ule. Hakuna jicho lililofumbuka. Mmoja wa mabalozi alinong'ona kwamba hata ukimya wa nyumba hii una ubora wa pekee.

Akatoka na Brigedia begani.

Kapteni alimwona, akaona na nyota tatu. Alipiga saluti. Walinzi ishirini wakapiga saluti. Dereva wa jeshi aliyekuwa akila njugu aliruka kutoka kwenye gari akapiga saluti na njugu mdomoni, na kwa kuwa ni aibu brigedia kutembea kwa miguu, akafungua mlango wa nyuma. Walipewa pikipiki mbili za king'ora. Hakuna kizuizi kilichouliza kitu njia nzima, na saa kumi na mbili jioni walikuwa Ndorobe.

Alifunga kebo kabla jua halijazama, akaichana soksi ya hariri kwa meno pale plaizi ilipokataa. Ndani palikuwa na shaba ile ile aliyoifukia, haijabadilika hata chembe. Taa za kijani zikawaka. Veridiana akamtoa mwanawe kifuani na kumlaza sanduku namba tano, akabaki na mikono yake hewani, hajui aipeleke wapi. Masanduku sita yakajaa. Bi Anzelma akaiwasha na namba mbili.

Wanajeshi hawakuja kuichukua. Bwana Mbeyu alipofumbua macho akakuta vigoda vitupu, alitafakari kwa dakika moja adhabu ya mtu aliyepoteza brigedia, akaandika kwamba Brigedia Kebo amehamishwa kikazi kwenda Ndorobe kwa manufaa ya umma. Uhamisho ukatiwa saini. Askari mmoja akaletwa wodini kumlinda, akawa anapiga saluti kila asubuhi mbele ya ukuta, na watoto wakimlilia kwa sauti zao mbovu, zisizo na ulaini wowote.

Ingekuwa vizuri tuishie hapo. Nchi ile haikuturuhusu. Baada ya wiki tatu redio ilitangaza kwa fahari kwamba sebule imepata kebo nyingine iliyokomaa, miaka kumi na minne bila kukatika, na imepandishwa moja kwa moja kuwa Meja Jenerali. Imetoka Hospitali ya Wilaya ya Kwamsangu. Mtangazaji hakutaja wodi. Bi Anzelma aliijua. Aliyeifunga alikuwa fundi mwenzake waliyesoma naye, na wodi ile ilikuwa na masanduku tisa.

Akaizima redio. Kisha akaanua glavu nyeupe alizokuwa amezifua na kuzianika, akazikunja akazitia mfukoni, akaenda kwa Zamda.

"Nakwenda Kwamsangu kuwachukua wenzetu," akasema. "Halafu sebuleni."

Zamda alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Glavu unazo jozi moja tu."

"Hospitali ina maboksi. Utaratibu unasema nyeupe. Haukusema za nani."

Ijumaa hiyo walishuka langoni wanawake kumi na mmoja, mama tisa wa Kwamsangu na wawili wa Ndorobe, wote wamevaa glavu za chumba cha upasuaji. Bi Anzelma alikuwa mbele, testa kwenye nywele.

"Tumekuja kumchukua Meja Jenerali," akamwambia Kapteni. "Amehamishwa."

Kapteni aliwatazama, mmoja mmoja, hadi kwa Zamda aliyesimama mwisho na blanketi la kijivu mkononi. Akafungua mdomo kuuliza anahamia wapi. Akakumbuka cheo chake. Akaupeleka mkono kwenye kofia, na lango likafunguliwa.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, na ndani macho yote yalikuwa yamefumbwa.